Masuda binti Khamus, Ambaye Baba Yake Hakumbariki

Haya yanasomwa hapa uani, kabla wanaume hawajambeba, kwa sababu marehemu mwenyewe ndivyo alivyoagiza. Alisema makaburini wanawake hawaendi, na hakuwa tayari maisha yake yasimuliwe mbele ya watu ambao hawakuwahi kumwona akiwa na hasira. Anayesoma ni binti yake mkubwa, Ghazala. Sehemu kubwa ya maneno haya alisomewa akiwa hai. Aliyasikiliza amefumba macho, akarekebisha tarehe moja, akasema yaliyobaki yasiguswe. Kwa hiyo mwenye malalamiko ajue anamlalamikia nani.

Na kabla hatujafika mbali, jambo moja liwekwe wazi. Mdogo wake marehemu, Hwati, aliyesimama pale karibu na kisima, ameomba sentensi moja iongezwe. Ameomba isemwe kwamba baba yao, Khamus, alimbariki binti yake kabla ya kufa. Tangu jana wengi wenu mmemuunga mkono. Mmesema msibani watu husema mazuri, na kwamba hakuna atakayedhurika. Sawa. Sentensi hiyo, kama ni ya kweli, ina mahali pake katika maisha haya, na tutapafikia.

Masuda alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Machi 1942, hapa hapa Hara Kubwa, mtaa wetu wa Wayahudi kisiwani Jerba. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Khamus, fundi wa fedha aliyekuwa na duka katika soko la Humt Suk, na mkewe Diya. Khamus alikuwa mkarimu kwa wateja, mwaminifu wa mizani, na sauti yake ya kusoma sinagogi ilikuwa nzuri hivi kwamba watu wa mtaa wa pili walikuja kumsikiliza. Hayo nayo ni kweli, na marehemu hakuwahi kuyakana. Ila Khamus alitaka mvulana, na alipata msichana. Miaka miwili baadaye alizaliwa Hwati, na Khamus akaona dunia imekaa sawa.

Akaandaa karamu ya kumkomboa mzaliwa wa kwanza, ile ambayo baba humpa kuhani vipande vitano vya fedha ili mwanawe abaki kuwa wake. Vipande hivyo alivifua kwa mkono wake mwenyewe. Akatafuta bukha, ile pombe kali ya tini, akaalika mtaa mzima, na kitoto kikalazwa kwenye sinia kubwa, kimezungukwa na mikufu ya wanawake. Kuhani, mzee Bishuma, alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu yake alipoona mtoto mwingine amesimama mlangoni, mashavu yamejaa.

"Khamus, na huyu kibinti anayemaliza lozi zangu ni wa nani?"

"Wangu."

"Wa mama mwingine?"

"Mama mwingine atoke wapi? Wa Diya."

"Sasa umeniitia nini, bwana wee? Aliyefungua tumbo la mama ni huyu hapa. Huyu wa kwenye sinia hana cha kukombolewa. Haya, tuleni, kuskusi isije ikapoa."

Watu walicheka, wakala, wakaenda zao. Khamus hakucheka. Sheria hiyo aliijua tangu akiwa mtoto wa chuoni, kama kila mwanamume wa mtaa huu anavyoijua. Alichosahau ni kwamba ana binti. Kuanzia siku ile akawa anamwita Masuda "mwizi wangu mdogo". Mwanzoni ulikuwa utani. Baadaye hata wageni walianza kuinamisha macho wakilisikia jina hilo. Alikuwa na umri wa miaka miwili, na tayari alikuwa ameiba karamu.

Ijumaa jioni, kabla ya chakula cha Sabato, baba huwawekea watoto wake mikono kichwani. Wavulana huombewa wafanywe kama wale wajukuu wawili wa zamani ambao babu yao alipishanisha mikono, mkono wa kulia ukamwangukia mdogo. Wasichana nao wana maneno yao, na katika nyumba zote za jirani waliombewa. Kwa Khamus haikuwa hivyo. Alimwekea Hwati mikono yote miwili, akamwombea kwa muda mrefu na kwa ile sauti yake nzuri, halafu akaketi. Masuda alikuwa amesimama nyuma ya mdogo wake akisubiri. "Wewe atakubariki mumeo," Khamus alisema, akachukua mkate. Kila Ijumaa alisimama, na kila Ijumaa mkate ukachukuliwa.

Mambo ya jikoni ni Hwati mwenyewe aliyeyasimulia. Alipokuwa na umri wa miaka mitano au sita, akishabarikiwa alikuwa akiteleza kutoka mezani, anamfuata dada yake penye masufuria, anapanda kibao na kumwekea mkono kichwani. "Chukua nusu," anamwambia. "Nusu gani, wewe mwenyewe una kamasi," anajibiwa, na wote wawili wanacheka mpaka mama yao anagonga ukuta. Wale waliokuwa wakingoja hao wawili wachukiane walingoja sana.

Mwaka 1951 lilifunguliwa darasa la wasichana, na Masuda aliingia akiwa na umri wa miaka tisa. Kabla ya hapo wasichana wa Hara hawakufundishwa kusoma. Alishika herufi kwa pupa, na akishazishika akaenda moja kwa moja kwenye yale mafungu ya Maandiko yanayosomwa kila wiki, ili aone kilichoandikwa humo kwa macho yake. Alimkuta yule kaka wa kwanza kabisa, ambaye sadaka yake haikutazamwa na hakuna aliyemweleza kwa nini. Alimkuta mwindaji aliyerudi na nyama mkononi, akaambiwa baraka imeshatolewa. Aliwakuta dada wawili walioolewa na mume mmoja, mmoja kwa mapenzi na mwingine kwa hila. Alimkuta na yule kijana aliyeshonewa kanzu nzuri peke yake, kisha watu wakashangaa ndugu zake walipomtupa shimoni. Alisema maisha yake yote kwamba katika hadithi hizo ndugu ndio hushikana makoo, na mzazi aliyewasha moto anabaki kuitwa mtakatifu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili fungu la mapacha, yule mwindaji na mdogo wake, lilipofika tena, kama linavyofika kila mwaka baridi inapoanza. Rabi alikuwa akihubiri kwamba yule pacha mkubwa alikuwa muovu tangu tumboni. Sauti ikatoka kwenye chumba cha wanawake, nyuma ya kimia cha mbao.

"Tumboni alifanya nini?"

Rabi akageukia kimia. "Nani huyo?"

"Mzaliwa wa kwanza wa Khamus!"

"Majibu yapo, binti."

"Basi tupe moja."

Diya alimfinya mpaka akabaki na alama. Khamus alikaa wiki nzima bila kumsemesha binti yake, na Ijumaa iliyofuata Masuda hakusimama tena nyuma ya mdogo wake. Alikaa kwenye kiti chake na kukunja mikono. Aliendelea kukaa hivyo mpaka alipoolewa.

Kazi yake wote mnaijua, kwa sababu wengi mliopo hapa ndiye aliyewapokea. Alianza mwaka 1959 akimfuata mkunga wa zamani wa mtaa, baadaye akafunzwa hospitalini, na alizalisha Wayahudi na Waislamu wa kisiwa hiki mpaka magoti yake yalipokataa. Alikuwa na tabia moja iliyowakera akina baba. Mtoto wa kwanza wa nyumba akitoka, awe mvulana au msichana, Masuda alitoka uani na kutangaza kwa sauti ya mnadi: "Mzaliwa wa kwanza amefika!" Wanaume waliruka, wakakumbatiana, kisha wakaja kuchungulia.

"Mama Masuda, mbona unatangaza kama ni wa kiume?"

"Kwani huyu ameingilia dirishani?"

Jumatano, tarehe 14 Juni 1961, aliolewa na Yamin, mwenye tanuri la Hara, ambako kila nyumba hupeleka chungu chake cha Sabato Ijumaa mchana. Yamin alikuwa mpole wa kupindukia, mtu wa kuomba radhi hata kwa mlango alioufunga kwa nguvu. Mwaka ule ule, wiki ya mapacha ilipofika, mkewe alimpa chungu kikubwa cha dengu nyekundu, kama zile ambazo pacha mkubwa alizipata kwa kuuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza. Alikuwa amekusudia kila mtoto mkubwa wa mtaa aje ale dengu hadi ashibe, bila kuuza wala kuahidi chochote. Alisahau kitu kimoja, au alisema alisahau: kwetu dengu na mayai ya kuchemsha ni chakula cha wafiwa.

Wanawake waliona chungu tanurini. "Yamin, nani kafa kwenu?"

"Hakuna," alisema Yamin. Akaona jibu hilo ni kavu mno, akaongeza, "Bado."

Kabla jua halijaanza kushuka, uwanja huu ulikuwa umejaa watu waliokaa chini wakilia, na mabakuli ya mayai yamepangwa ukutani. Hawakujua wanamlilia nani, ila wengi walikuwa wamekubaliana kwamba ni Khamus, kwa sababu siku hizo alikuwa akikohoa. Khamus naye, aliposikia kuna msiba kwa binti yake, akavaa kofia na kuja kutoa pole. Alipotokea mlangoni, mama mmoja alipiga ukelele na kuangusha bakuli.

"Aliyekufa ni nani?" Khamus aliuliza.

"Ni haki ya mkubwa, Baba," Masuda alijibu. "Karibu dengu."

Khamus aligeuka na kuondoka. Wengine walikaa wakala, maana chakula hakitupwi, na kuanzia hapo dengu za wakubwa zikawa desturi ya nyumba hii. Hata wale wanaosema marehemu alikuwa na ulimi mrefu walileta watoto wao.

Nyumbani kwake baraka ya Ijumaa ilibadilika. Yamin alianza vizuri, akimwombea mtoto afanywe kama fulani na fulani wa zamani. Masuda akamzuia.

"Kama fulani kwa nini? Mwombee awe yeye."

"Lakini Masuda, sivyo ilivyoandikwa."

"Aliyeandika alikuwa na watoto wangapi?"

Basi watoto wa nyumba hii walibarikiwa mmoja mmoja, kwa jina lake: Mungu akuache uwe Ghazala, Mungu akuache uwe Nisimu. Msidhani marehemu hakuwa na kipenzi. Nisimu alipewa kila siku ile ncha ya mkate iliyoungua kidogo, ambayo wote waliitaka. Lakini alipewa mezani, mbele ya wote, na sababu ikatajwa: "Huyu hali vizuri." Aliyechukia aliruhusiwa kuchukia kwa sauti.

Mwaka 1968 Hwati alihamia Marsei na kufungua duka la viatu. Macho ya Khamus yakaanza kufifia, na akili ikafuata. Diya hakuweza kumhudumia peke yake, hivyo wazee wote wawili walihamia hapa, kwenye chumba kile chenye mlango wa buluu. Masuda alimwosha baba yake, alimlisha, alimkata kucha. Ijumaa jioni ikifika, mzee alinyoosha mikono gizani mwake. "Hwati yuko wapi? Aje nimbariki." Akiambiwa Hwati yuko Marsei alilia kama mtoto, na dakika chache baadaye akauliza tena.

Ndipo Diya alipotoa kabatini koti la zamani la Hwati, ambalo lilikuwa bado lina harufu ya tumbaku yake.

"Vaa, mwanangu."

"Nivae nini?"

"Hili koti. Piga magoti pale, usiseme neno. Haoni. Atabariki, moyo wake utulie, na wewe utakuwa umeipata hiyo baraka uliyoitaka tangu utotoni. Si ilishafanyika zamani? Si mama wa wale mapacha ndiye aliyemvika mwanawe mdogo ngozi, ili baba kipofu amdhanie mkubwa?"

Mjue kishawishi kilikuwa cha kweli. Marehemu alikiri kwamba alilishika lile koti, akapitisha mkono mmoja. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, alikuwa ameshapokea mamia ya watoto wa watu, na bado alikuwa akitaka mikono ile kichwani mwake kuliko kitu chochote duniani. Kisha akalivua.

"Sivai ngozi ya mtu, Mama. Akinibariki, ajue anambariki nani. La sivyo abaki na mikono yake."

Akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake, na nguo zake mwenyewe, akasema kwa sauti, "Ni mimi, Baba. Masuda." Mikono ya mzee ilikuwa imeshanyooka. Akairudisha mapajani.

Alifanya hivyo kila Ijumaa kwa karibu miaka miwili. Majirani walisema ni ukaidi, wengine walisema anamtesa mzee. Hakuacha. Alimwosha, akamlisha, akapiga magoti, akasema jina lake, akainuka na kwenda kugawa mchuzi. Ijumaa ya mwisho mzee akiwa na fahamu, tarehe 2 Februari 1979, alipotaja jina lake, Khamus aligeuza uso.

"Masuda?"

"Ndiyo, Baba."

"Nipe maji."

Akanywa, akalala. Alifariki wiki iliyofuata, Ijumaa tarehe 9, akazikwa kabla ya Sabato.

Hapa ndipo sentensi ya Mjomba Hwati ingekaa. Haikai. Wapo waliosema kuomba maji ilikuwa njia ya mzee ya kubariki. Marehemu aliwajibu kwamba maji ni maji, na kwamba alimpa kwa moyo mmoja bila kuhitaji yageuzwe kuwa kitu kingine. Alimpenda baba yake, akamlilia, akachana nguo yake kwa ajili yake. Baba yake hakumbariki. Mambo yote mawili yalitokea, na hakukubali mtu achague moja amfutie la pili.

Mwishoni mwa mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akamkataza chumvi. Alimwambia daktari amkataze na maneno pia kama anataka afe haraka. Yamin alikuwa ameshatangulia mwaka 2006. Mwezi wa kumi mwaka huu, sikukuu zilipokwisha, Hwati alikuja kutoka Marsei na kukaa kando ya kitanda chake. Binti yake mkubwa alikuwepo, akimenya machungwa, na aliyoyasikia ni haya.

"Dada, siku hizi namwota Baba. Ameninyooshea mikono, na mimi nimeshika kitu chako. Siwezi kukiweka chini."

"Kitu gani?"

"Sikioni. Ni kizito tu."

"Ndiyo maana ulikimbilia ng'ambo?"

Hwati alilia. Mwanamume wa miaka sabini na mitano, kofia mkononi. "Alikuwa akimbariki mtu ambaye mimi siye. Kila Ijumaa namsikia anamtaja huyo mtu, najua siye mimi, na wewe umesimama nyuma yangu. Tuseme tu kwamba mwishoni alikubariki, Dada. Tuseme siku ya kukuzika. Na mimi nipate kupumzika."

"Hapana."

"Kwa nini? Nani atakosa nini?"

"Wewe. Wakisema alinibariki mwishoni, wewe utabaki mwizi aliyesamehewa. Na wewe hukuiba kitu, Hwati. Ulikuwa mtoto, uliambiwa simama hapa ukasimama. Aliyegawa ndiye aliyegawa vibaya. Wakinibandika baraka ya uongo nitaketi hapo hapo kwenye machela niikane mbele ya watu."

Alicheka, akakohoa, akaomba chungwa. Wakala pamoja, mmoja akitema mbegu kwenye kiganja cha mwenzake kama walivyozoea utotoni. Lakini jana, baada ya kuoshwa kwake, Mjomba alirudia ombi lile lile, maana mtu hapumziki kwa kuambiwa mara moja.

Masuda binti Khamus alifariki jana, Jumatano, tarehe 27 Novemba 2019, asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Ameacha watoto watatu, wanaotajwa hapa kwa mpangilio wa kuzaliwa, wasichana wakihesabiwa: Ghazala, Nisimu na Diya. Ameacha wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Ameacha mtaa mzima aliouvuta duniani kwa mikono yake. Ameacha mdogo wake wa pekee, Hwati, ambaye alimpenda kuliko baba yao alivyompenda, kwa sababu baba alimpenda mwana aliyemtaka, na Masuda alimpenda huyu aliyekuwepo.

Mahali pa ile sentensi, marehemu ameacha nyingine, na ameamuru isomwe kwa sauti ili kila aliyepo aisikie: Hwati hakumwibia dada yake kitu. Mzazi wao alimchagua mmoja na kumwacha mwingine, na watoto wale wawili walikataa kugombana. Katika Maandiko yetu yote hakuna hadithi ya ndugu iliyokwenda hivyo. Sasa ipo moja, na imekwisha leo, uani hapa, mbele ya macho yenu.

Mjomba Hwati, njoo ushike machela upande wa kichwa. Mama apumzike, na amani iwe yake yote, asigawane na mtu.